Jivuben wa Ngazi za Shatrunjaya

Wifi yangu Jivuben amebeba watoto wa mahujaji mlimani Shatrunjaya kwa miaka thelathini na moja. Sisi ni Wakoli wa Palitana, mji wa India ulio chini ya mlima huo. Mahekalu ya juu ni ya Wajaini, hatusali humo. Mungu wetu wa kike, Hinglaj, ana hekalu lake dogo njiani, penye ngazi kali kuliko zote, pale alipoliua zimwi lililokuwa likiwahangaisha wapita njia. Jivuben hapiti hapo bila kugusa kizingiti.

Lakini visa vya Wajaini anavijua kuliko wengi wao. Mtoto akilia mgongoni, humsimulia jinsi Bwana Adinath, mwalimu mtakatifu wa kwanza wa Wajaini, alivyopanda mlima huu mara zisizohesabika na kukaa chini ya mti wa rayani, ambao humdondoshea maziwa mwenye bahati. Humwambia akodoe macho juu asije akakosa tone, na mtoto hunyamaza. Miaka yote hiyo mimi sijaona tone, wala yeye.

Majira ya baridi ya mwaka juzi tulikodiwa na familia moja ya Mumbai. Nirali, mke kijana, alikuwa ameweka nadhiri ya kupanda na kushuka mara saba kwa siku mbili, bila chakula wala maji. Kila safari lazima asali mahali patano, mti wa rayani ukiwamo. Akiruka hata mahali pamoja, safari hiyo haihesabiki. Mama mkwe wake, Vasumatiben, alibebwa kwa machela na wanaume wanne, kwa hiyo pumzi za kumkosoa kila mtu alikuwa nazo. Jivuben alimbeba binti wa Nirali, mimi nikabeba mkoba.

Siku ya pili, tukishuka safari ya tano, Nirali alikuwa akijikongoja ameshika ukuta, midomo imempasuka. Tulipofika kwa Hinglaj, Jivuben akasimama. Akaninong'oneza kwamba kule juu, katika msongamano, Nirali aliupita mti wa rayani bila kusali. Jivuben alidhani Nirali angeurudia, halafu mtoto akaanza kulia na yeye mwenyewe akasahau kuangalia.

Nikamwambia anyamaze. Nani angejua? Msichana mwenyewe yuko hoi, na akirudishwa juu huenda nadhiri yote ikamshinda. Jivuben aliniangalia kama niliyetema mate hekaluni.

"Binti yangu," akamwambia Nirali, "kwenye mti wa rayani hukusali."

Vasumatiben akageuka ndani ya machela. "Tangu lini mbeba watoto akatufundisha dini?"

"Dini ni yenu, mama. Ngazi ni zangu. Nimezipanda tangu mwanao hajazaliwa, na nani kasimama wapi najua."

Nirali aliketi akafumba macho. Nilimwona akijaribu kukumbuka na kushindwa. Kisha akamuuliza Jivuben kama ana hakika.

"Ninayo. Na narudi na wewe."

Kwa kuwa hakuwa amefika chini, safari ilikuwa bado haijafungwa. Nirali akageuka, akaanza kupanda. Jivuben akamfuata na mtoto mgongoni, na mimi nyuma yao, nimenuna mpaka juu. Alisali chini ya mti ule akilia bila machozi, maana hata machozi yalikuwa yamekauka. Safari ya saba aliimaliza jua likiwa bado halijatua, kwa miguu yake mwenyewe. Mabega ya Jivuben yalikuwa yamechubuka. Nilijivunia wifi yangu siku ile, na ushauri wangu nikauonea haya.

Vasumatiben hakusema asante. Aliondoka bila kumkosoa mtu, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

Mwaka uliofuata alirudi peke yake na mkongojo. Wanaume wa machela wakamkimbilia, akawapangua kwa mkono, akamuulizia Jivuben. Wifi yangu akaja akitandaza shuka lake la kubebea, akiuliza mtoto yuko wapi.

"Hakuna mtoto," Vasumatiben akasema. "Mkoba nitaubeba mwenyewe, na ngazi nitazipanda mwenyewe. Wewe tembea nami, Jivuben. Nikikosea, uniambie."