Jina la Shangazi Kwenye Cheti cha Mbwa

Nimeshaona mengi, lakini sikuwahi kutegemea kukutana na marehemu shangazi yangu kwenye cheti cha mbwa.

Sitanii. Ilikuwa asubuhi, kliniki ya mifugo, mimi na dada yangu tumekaa kwenye benchi la mbao. Daktari kakunjua cheti cha mbwa wa dada juu ya meza, anapitisha kidole kwenye majina ya ukoo. Baba. Mama. Babu.

Kidole kilipofika kwa bibi mzaa mama, nikasoma: Malkia Breki.

Breki lilikuwa jina la utani la shangazi aliyetulea. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kumpita mtu njiani bila kusimama. Ukienda naye dukani, mnafika wameshafunga.

Jasho likanitoka. Wala si kwa kuogopa mzimu. Nilijua fika nani aliliandika jina lile pale.

Niliandika mimi.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo, msije mkanihukumu mapema. Mkishamaliza kusoma, hukumuni tu, sitabisha.

Mimi ni mchapaji. Kadi za harusi, mihuri, mabango, vyeti vya semina, zote ni kazi zangu. Nilikuwa na mteja mmoja anafuga mbwa wa ukoo, wale wadogo weupe wenye manyoya ya kuchana. Mtaani tunamwita Damu Safi, maana hamalizi sentensi bila kuyataja hayo maneno mawili.

Siku moja akaniletea karatasi kaiandika kwa mkono, ukoo wa watoto wapya wa mbwa. Nilipoanza kuyapanga majina kwenye kompyuta, nikaona dume mmoja kakaa kwenye nafasi ya baba, halafu huyohuyo kakaa tena kwenye nafasi ya babu upande wa mama. Jike mmoja naye alikuwa bibi pande zote mbili.

"Mzee, hapa umekosea. Majina yamejirudia."

Akacheka. "Sijakosea, kijana. Ndivyo damu safi inavyotunzwa. Ila wateja wa siku hizi wana maswali kuliko polisi. Hayo yaliyojirudia, weka mengine."

"Mengine yapi?"

"Wewe si ndiye fundi? Tunga."

Nikatunga. Tena kwa raha zangu. Mlevi wa mtaa wetu nikamfanya babu. Mwalimu mkuu aliyenitandika darasa la tano nikampa cheo cha Kanali. Bibi nikamwita Malkia Breki. Nilicheka peke yangu pale dukani mpaka machozi. Nikachapa, nikabandika lakiri ya dhahabu, mzee akaondoka na vyeti vyake.

Nilichojua ni kwamba nimefanya mzaha. Kwamba mmoja wa watoto wale angeishia sebuleni kwa dada yangu, hilo sikulijua.

Sasa niwaambie kuhusu dada.

Shemeji alifariki miaka miwili kabla ya siku ile ya kliniki. Tangu hapo dada alikuwa anaishi kwa chai na mkate. Mapazia hayafunguliwi. Jiko limeota vumbi. Ukimwambia twende tukatembee, anasema kesho, na kesho yake haikuwahi kufika. Tulijaribu wote, ndugu, majirani, marafiki wa kazini kwake. Tukashindwa.

Halafu akamnunua Pamba, bila kumshirikisha mtu.

Mbwa yule, mkubwa kidogo kuliko kandambili, alifanya tulichoshindwa sote. Dada akaanza kupika. Mwanzo alimpikia Pamba, halafu na yeye akawa anakula palepale jikoni akiwa amesimama. Mwezi wa pili tangu amlete nikakuta madirisha yako wazi na dada anamgombeza mbwa kwa kuiba soksi. Nilitoka nje nikalia, sioni aibu kusema.

Lakini Pamba hakuwa anakua. Akishakula anazubaa, anazunguka sehemu moja, anagonga kichwa ukutani. Siku moja akaanguka, miguu ikawa inapiga hewa. Ndiyo tukaenda kliniki.

Daktari akamaliza kusoma cheti, akasema, "Kuna magonjwa ya kuzaliwa nayo. Tunayaona sana kwa mbwa waliozalishwa ndugu kwa ndugu, ndiyo maana nikaomba cheti. Lakini hapa naona ukoo umechanganyika vizuri, kwa hiyo hilo tuliweke kando kwanza. Nahisi ni minyoo, au kala kitu chenye sumu. Mpe dawa hizi, na umlishe ashibe. Nyama, mayai, maini."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

Dada akaniwahi. "Daktari, umeliona hilo jina? Breki ndiye shangazi aliyetulea. Pale kwa mfugaji kulikuwa na mabanda mawili, na mimi nilishampenda mmoja wa banda la pili. Nilipolisoma hilo jina nikamrudisha, nikamchukua huyu. Nikasema huyu katumwa kwangu."

Alikuwa anatabasamu. Miaka miwili sikuyaona meno ya dada yangu.

Nikauchuna.

Wiki tatu nzima niliuchuna. Nilijiambia majina hayaui mbwa. Nilijiambia daktari kasoma, anajua kazi yake. Nilijiambia nikisema, nitamnyang'anya dada shangazi aliyetuma na mbwa aliyetumwa, vyote kwa mpigo. Kumbe pia nilikuwa naogopa tu, na woga ukipewa muda hautakosa sababu nzuri za kujitetea.

Dada naye alikuwa anapika. Maini asubuhi, nyama mchana, mayai jioni, anasaga kwa mkono, anapoza kwa kupuliza. Ananipigia simu: "Mdogo wangu, leo kamaliza sahani yote. Ila kaanguka tena."

Siku ya ishirini na moja nikapiga moyo konde. Nikaenda kwa daktari peke yangu, nikamweleza yote, mpaka mlevi na mwalimu mkuu.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Mlete sasa hivi."

Vipimo vikatoka. Pamba alizaliwa na mshipa uliokwepa ini. Damu yake haikuwa inachujwa. Nyama ikisagwa tumboni huacha sumu, na yeye sumu ile ilikuwa inapanda moja kwa moja kichwani.

"Mbwa wa hivi halishwi nyama nyingi," daktari aliniambia kando. "Ningejua siku ile ya kwanza, tungebadilisha chakula, tungemtafutia upasuaji mapema. Wapo wanaopona."

Pamba alikufa siku ya pili yake, saa sita mchana, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya dada.

Daktari alijitahidi. "Dada, si kosa lako. Mimi ndiye niliyekuagiza umpe nyama." La cheti aliniachia mimi, akasema lina mwenyewe.

Lakini katika maneno yote yale, dada alisikia moja tu: nyama.

"Nimemuua kwa sufuria yangu," alisema ndani ya gari. Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja tarehe.

Kesho yake nikamfuata nyumbani. Nilimkuta anasugua sufuria ambayo ilishatakata.

"Dada, hukumuua wewe. Ni mimi." Nikamwaga yote. Damu Safi, karatasi ya mkono, majina niliyotunga, Breki, wiki tatu za kunyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifuta shavu kwa mkono wenye sabuni.

"Mdogo wangu. Nilipovunja chupa ya chai ya shangazi, nani alisema amevunja yeye?"

"Dada, hii si chupa."

"Ukachapwa wewe. Hujabadilika."

"Jina la Breki je? Nani mwingine angejua kuliandika pale?"

"Ulijua liko kwenye cheti siku ile kliniki, nilipomwambia daktari. Sasa unalitengenezea hadithi ili nilale."

Nikambembeleza ampigie Damu Safi. Akampigia. Mzee akaapa kwamba vyeti vyake vyote ni halali, na kijana wa kuchapa hahusiki na lolote. Nikakimbilia dukani kulitafuta faili. Mimi nina tabia moja ya kivivu: cheti cha leo nakiandika juu ya cheti cha jana, nahifadhi palepale. Malkia Breki alishafutika zamani. Ile karatasi ya mkono nilishaifutia wino. Hata daktari angesema nini zaidi ya alichosikia kwangu?

Nikafanya nililobakiwa nalo. Nikachapa cheti upya, safari hii cha kweli kama nilivyokikumbuka, dume yuleyule mara mbili, jike yuleyule pande zote mbili. Nikampelekea.

Alikisoma taratibu.

"Kizuri," akasema. "Lakini wewe ni mchapaji. Ukitaka unaweza kunichapia hata kwamba shemeji yako hajafa."

Akakikunja, akanirudishia. "Asante kwa kunipenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Nilipodanganya, niliaminiwa na mtaa mzima. Niliposema kweli, nilishukuriwa.

Ni miezi minane sasa. Dada karudi kwenye chai na mkate. Juzi nilimpelekea mwanangu wa miaka mitatu amchangamshe kidogo. Mtoto akasema, "Shangazi, nina njaa." Dada akampa maji. Akaniambia nimuwahishe nyumbani akale kwa mama yake, kwa sababu yeye mkono wake haufai kulisha kitu chenye uhai.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, aliyeumbuka ni mwingine.

Damu Safi bado anauza. Nilimkatalia kazi, akaenda duka la pili, wakampokea.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuchagua mtoto wa mbwa, cheti kiache mezani. Omba umwone mama yake, umwone na baba yake, uliza waliowatangulia waliugua nini na walikufaje. Ukizungushwa, ondoka, hata kama mtoto mwenyewe kakulamba mkono. Karatasi tunachapa sisi.