Riyali Niliyoisifu kwa Ngoma

Wako wanaonicheka nikisimulia haya, wanasema siku ile nilikuwa nimekunywa pombe ya ndizi. Sikunywa. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapahapa Kindu, zamani za pembe na bunduki, kabla hatujajua reli ni kitu gani. Ningefurahi sana kama yangekuwa uongo.

Nilikuwa mpiga ngoma. Si ngoma ya kuchezea, la. Ni ile ya gogo lililochimbwa, inayosema maneno mpaka kijiji cha ng'ambo kikasikia na kujibu. Kila mpiga ngoma ana mkono wake, na watu huujua kama wanavyojua sauti ya jirani. Aliyenifundisha alinionya tangu mwanzo: ngoma husema uzazi, kifo, vita na soko, na husema tu pale mzee wa kijiji anapotuma. Ndiyo maana ikishasema hakuna anayeuliza mara ya pili.

Mwaka ule dada yangu Bitondo alikuwa mateka. Watu wa bunduki walimkamata akiteka maji pamoja na wenzake, wakampeleka kwenye boma lao, mwendo wa siku tano kupanda mto, kisha wakatuma neno: leteni pembe, mchukue mtu wenu. Ndiyo ilikuwa biashara yao. Mama yetu, aliyekuwa akikaa kwa kaka zake ng'ambo ya Lualaba, alihangaika miezi na miezi mpaka akapata pembe moja ya tembo. Ilikuwa ndogo. Aliogopa wataikataa, akawa anasubiri wajomba wamtafutie ya pili.

Basi mchana mmoja, jua liko utosini na watu wote wako shambani, nikainua macho nikaona mtu amesimama mbele ya ngoma yangu. Amevaa kanzu, amejifunga kilemba. Sikumwona akija. Mbwa wangu, ambaye alikuwa akibwekea hata kuku, alijilaza tu. Mtu yule akasema jina lake Songoro, kwao Lokandu. Nikampa maji kwenye kibuyu. Akanywa, nikaona koo lake likipanda na kushuka, na aliponirudishia, kibuyu kilikuwa kimejaa vilevile. Niamini, nilikishika kwa mikono hii. Lakini mgeni ni mgeni, nikakiweka kando.

Akafungua kitambaa, akatoa riyali, sarafu ya fedha. Siku hizo sisi tulijua shanga, chumvi na shaba. Riyali wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuigusa. Ilikuwa nyeupe, ina uso wa mwanamke mnene.

"Weye njo mupiga ngoma?"

"Njo mimi, baba."

"Hii ni ya zamani sana. Iko saba tu katika inchi yote. Wakubwa ya boma wanaitafuta. Muntu akiwa nayo, pengine watamusikiliza."

Pengine. Alisema hivyo, sitamsingizia.

Mzee wetu wa kijiji alikuwa amesafiri. Songoro akanionyesha upande wa merikani, nguo mpya kabisa, akasema ni wangu nikitangaza. Nami nikaona ubaya uko wapi? Riyali nimeiona kwa macho. Nikachukua miti yangu ya kupigia.

Sasa, ngoma haina neno la riyali. Kitu kisicho na jina kwenye ngoma hutungiwa maneno marefu, na kutunga ndiko nilikokuwa nikijivunia kuliko vijana wote wa ukanda huu. Nikapiga: kipande cheupe chenye uso wa mama mkubwa, kinachokata kamba, kinachorudisha nyumbani waliochukuliwa, viko saba, wahini. Ile "pengine" niliiacha. Iliharibu mapigo.

Utaniuliza, je, mwenyewe niliamini? Sijui. Niliyapenda maneno yangu, basi. Nilipogeuka nimwambie Songoro nimemaliza, hakuwepo. Nguo ilikuwa juu ya ngoma.

Siku zikapita, nikitembea na nguo yangu kama bwana harusi. Kisha mama akaja kwangu kwa mtumbwi, amekonda, miguu imevimba. Akakaa chini. Akanieleza taratibu, bila kunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Siku ile niliyopiga ngoma alikuwa akianika mihogo. Hata hajamaliza kusikia, mtu wa kanzu alikuwa amesimama uani kwake. Mama akampa ile pembe, akapewa riyali, na hakungoja kesho. Akapanda mto pamoja na mjomba. Kule bomani mkubwa wao aliichukua riyali, akaikwaruza kwa kisu. Chini ya weupe kulikuwa na madini ya risasi, si fedha. Akasema hii ni ya sita kuletwa mwezi huu. Kisha akasema neno ambalo mama alilirudia mara mbili mbele yangu, kama hajalielewa: pembe ile ndogo ingetosha.

Na Bitondo alikuwa akitazama. Walipomwambia kwamba mama yake amefika, alikuwa amekwisha kuaga wenzake. Siku chache baadaye msafara ukaondoka kwenda mashariki, naye akiwa ndani yake.

"Mama," nikasema, "kwa nini haukuniuliza kwanza?"

Akanitazama. "Nilisikia mukono yako, mutoto wangu. Kama ilikuwa mukono ya mwingine, singeenda."

Nikashuka mto mpaka Lokandu, nimechukua mkuki, namtafuta Songoro. Nikaonyeshwa nyumba ya mjane. Mama mmoja mpole, anakaanga samaki. Nikataja jina, akaweka chungu chini.

"Bwana yangu alikufa na ndui. Misimu mbili ya mvua imepita."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeota majani, halijaguswa. Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akapapasa sugu za viganja.

"Weye njo wa ine," akasema. "Watatu wamekutangulia, wote na mikono ya namuna hii. Wapiga ngoma tu."

Nikamuuliza alikuwa mtu gani. Akalia. Alisema mumewe alikuwa mvuvi mwaminifu, mpaka siku aliposikia riyali hizo zikisifiwa sokoni. Alitoa mtumbwi wake na nyavu zake zote, akanunua riyali hizo. Akagundua ni risasi, akaona haya kumwambia mtu, akafa akitafuta wa kumuuzia. Mkuki wangu niliuacha palepale. Ningemchoma nani?

Habari haifichiki. Vijiji vyote vikajua riyali za risasi zilitangazwa na mkono gani. Kwetu hatukumwona Bitondo tena. Nilisimama njiani kila msafara ulipopita, nikauliza kwa jina, mpaka wapagazi wakanizoea na kunikwepa.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi. Alipofariki, ilinipasa mimi mwanawe nipige jina lake, ili ndugu wa mto wote waje wamzike. Nikapiga asubuhi. Nikapiga adhuhuri. Kwa kawaida kijiji cha kwanza hujibu kabla jasho halijakauka, cha pili kikapokea, na kilio kikaenda mbali. Siku ile sikusikia kitu. Walisikia mkono wangu, wakaambiana, huyo ana kingine cha kuuza.

Tulimzika watu wanne.

Wewe unayenisikiliza, ukikuta kitu kinasifiwa kwa maneno matamu, kitu adimu, vimebaki vichache, wahi, usitazame kitu tu. Mtazame anayesifu, umuulize amepewa nini. Na kama kinywa kinachosifu ni chako, nakusihi, mfikirie yule anayekuamini kuliko watu wote. Yeye ndiye atakayefika wa kwanza.