Bi A-tao na Kitufe cha Sikubali

Katika mtaa ule wa nyuma ya soko la mji wa Chiayi, hakuna aliyewahi kumsikia Bi A-tao akimtolea mtu nje. Ukimwambia wali wa bata mzinga anaouza leo umezidi chumvi, atakubali, na kesho ataupika vilevile.

Mumewe marehemu, Ching-fu, alimzidi kwa upole. Hata kiti cha basi hakujua kukigombania. Ndiyo maana kila mwezi wa saba wa kalenda ya jadi, mizimu inapofunguliwa mlango wa kuja duniani, Bi A-tao humchomea pesa zake za karatasi, zile za bandia zinazowafikia wafu zikiungua, kwenye pipa mbele ya duka, huku akimwita kwa jina, kwa sauti, ili mizimu mingine isimnyang'anye.

Mwaka huu manispaa iliwauliza watu mtandaoni: moshi huu tuufanyeje? Wen-ling, binti wa jirani aliyeacha kazi ya kompyuta Taipei akarudi nyumbani, alizunguka duka kwa duka na simu. Kila mtu angeandika maoni bila jina, na wenzake wangebonyeza nakubali au sikubali. Mashine ingetafuta wanachokubaliana wengi, na manispaa iliahidi kukifuata.

"Hakuna kujibizana, Shangazi. Ni kubonyeza tu, na hujulikani."

Bi A-tao akavaa miwani. Maoni ya kwanza yalisema moshi unaumiza watoto, tafadhali sana.

"Huyu Yu-chin. Nani mwingine husema tafadhali sana? Mwanawe ana pumu."

"Shangazi, ni siri."

"Siri gani, na kila siku anakula hapa?" Akabonyeza nakubali.

Mengine yalitaka gari la manispaa likusanye karatasi zote, zikachomwe pamoja kwenye tanuri nje ya mji. Hapo alimtambua mwenye duka la dawa, aliyebeba jeneza la Ching-fu. Utamkatalia vipi mtu kama huyo? Nakubali. Yakaja maoni kwamba kila mtu achome mlangoni kwake. Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake, nayo akayabonyeza nakubali, sawa na yale mengine.

Siku ya majibu walikutana kwenye ukumbi wa hekalu. Wen-ling alionyesha ukutani picha ya vidoti, kila kidoti mtu mmoja, vilivyosongamana mahali pamoja.

"Wazo la gari limepita," akasema kwa furaha. "Karibu mtaa mzima. Sijawahi kuona watu wanaoelewana hivi."

"Mwanangu," akasema Bi A-tao, "mimi nilikuwa na adabu tu."

Watu wakacheka kidogo. Mwenye duka la dawa akakohoa. "Hata mimi. Niliandika la gari nikidhani nyie ndio mnalitaka."

Yu-chin aliinamisha kichwa. "Mimi nilitaka tu mapipa yasogezwe mbali na dirisha langu. Niliona aibu kuandika."

Kicheko kikakatika. Wen-ling alikuwa amewiva uso. "Mbona hamkusema? Majibu yamekwishapelekwa." Kisha akaongeza: "Zamani ofisi ingeamua bila kuwauliza. Safari hii mmeulizwa."

"Ndiyo maana inauma," akasema Bi A-tao. "Zamani ningewalaani wao. Sasa nimlaani nani?"

Wen-ling aliandika kuomba watu waulizwe upya. Akajibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa mwakani.

Mwezi wa saba ulipofika, Bi A-tao alisimama mlangoni na mfuko wa zile pesa za karatasi, jina la Ching-fu limeandikwa kwa wino mzito. Gari lilikuwa limejaa mifuko ya mitaa mingine, imerundikana hadi juu. Roho ilimuuma. Kwenye rundo lile kila mzimu ungeng'ang'ania chake, na mume wake angekaa pembeni akisubiri wenzake wamalize.

Mfanyakazi wa gari, mwenye glavu nyeupe, aliinama kwa heshima akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Niuweke tu hapa pamoja na mingine, Mama? Haina neno?"

Bi A-tao alifungua mdomo. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, na kijana wa watu alikuwa amechoka.

"Haina neno," akasema. "Weka tu."