Nyumba Iliyochekwa

Nyumba ya bibi yangu ilichimbwa ubavuni mwa kilima, upande wa Rhotia, na paa lake la udongo liliungana na malisho. Mbuzi walikula nyasi juu yake. Mgeni angeweza kupita hapo bila kujua kwamba chini ya viatu vyake kuna mtoto amelala. Ndivyo Wairaqw wa zamani walivyojenga, enzi za kunyang'anyana ng'ombe na Wamasai, ili wasionekane. Babu aliichimba yake kwa ukaidi tu, wakati wenzake wameshaanza kuezeka bati.

Likizo zangu zote za utotoni nililala humo. Asubuhi mwanga uliingia kwa mlango mmoja, mwembamba, na kabla haujafika kwangu ulipita ukutani, ukaonyesha mistari ya vidole vya bibi kwenye udongo. Nimelala katika vyumba vingi tangu hapo. Bado nikiamka huwa nageukia ukuta.

Babu alipofariki, bibi alihamia kwa mjomba, kwenye nyumba ya tofali iliyo juu kidogo ya pale. Lakini kila baada ya mavuno alishuka kuisiriba kwa udongo ile ya zamani, kana kwamba kuna mtu atarudi kuikagua.

Siku moja walikuja vijana wa televisheni. Walisema wanatengeneza kipindi kuhusu nyumba za asili, na bibi akawapa maziwa ya mgando. Mpiga picha aliingia kwanza peke yake, na taa yake, akakaa humo muda mrefu akipiga picha za ukuta, jiko, dari la kuhifadhia mahindi, pembe aliyolala babu. Bibi alimpenda kwa sababu aliinama mlangoni bila kuambiwa. Kisha wenzake wawili wakaingia, na bibi akaenda zake shambani.

Masika hiyo hiyo mvua ilizidi. Paa likaporomoka ndani, na kilima kikarudi kuwa kilima.

Kipindi kilipotoka tulikuwa sebuleni kwa mjomba. Kilikuwa cha vichekesho. Wale wawili walitoka mlangoni kwa bibi wakitambaa kama fuko, wakaulizana kama jua bado lipo. Mmoja akasema watu wa huku huchimba kaburi mapema, wakahamia kabisa, kupunguza usumbufu. Kicheko cha kurekodiwa kikamwagika. Mjomba alizima, bibi akamwambia awashe. Alikuwa amesogeza kiti karibu na kioo.

Asubuhi akaja Mmasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa Ngorongoro. Naye alikuwa amekiona kipindi.

"Koko," alimwambia, maana ndivyo wanavyomwita bibi kwao, "sasa nimeelewa. Babu zangu walirudi mikono mitupu, kumbe walisimama juu ya vichwa vyenu."

"Walisimama sana," bibi akajibu. "Tuliwasikia wakijikuna."

Wakacheka mpaka bibi akafuta macho kwa kanga. Mmasai alipoondoka nilimuuliza mbona hili limemchekesha na la jana halikumchekesha. Akasema huyu watu wake waliitafuta ile nyumba kwa jasho, anajua ilikuwa nini. Halafu, akiwa bado anapima maziwa, akasema anataka kuwashtaki wale wa televisheni.

Nilimpeleka Karatu mjini kwa wakili kijana, ghorofani juu ya duka la mbegu. Wakili alimwamkia, akamsikiliza, akaeleza taratibu. Mtazamaji aliyechukizwa tu, alisema, ni vigumu kushinda kesi ya kashfa. Mahakama itauliza ni nani hasa aliyechafuliwa, na kabila zima ni wengi mno. Mtazamaji anaweza kulalamika kwa kituo chenyewe, na asiporidhika aende kwa mamlaka inayosimamia utangazaji. Ila bibi si mtazamaji tu. Nyumba ni yake, majirani wameitambua, na aliambiwa jambo lingine walipoomba kuingia. Hapo pana pa kusimamia, ingawa hawezi kuahidi.

"Sasa unataka nini, bibi? Fidia? Wakuombe radhi?"

"Nataka zile picha za kijana wa taa," bibi akasema. "Alizopiga kabla wale wawili hawajaingia. Nyumba ikiwa peke yake."

Wakili alinitazama. Nilimwambia bibi kwamba kipindi kipo mtandaoni, naweza kukihifadhi kwenye simu yangu leo hii.

"Na hao wawili utawatoa?"

Wakili akasema hajui kifungu kinachosema hivyo, lakini ataliandika liwe ombi la kwanza.

Mahakamani hatukufika. Wakili alipopiga simu niliweka sauti ya nje ili bibi asikie mwenyewe. Kituo kimekubali kuomba radhi hewani na kukiondoa kipindi. Picha ambazo hazikutumika zilifutwa zamani, kama wanavyofanya kila mara, kupata nafasi ya nyingine. Bibi akauliza kufuta ni kufutaje. Wakili akasema hazipo tena, popote. Bibi alimshukuru, akamwita "mwanangu."

Jioni ya radhi sebule ilijaa. Mtangazaji alisoma maneno machache, ya heshima, kuhusu jamii iliyokwazwa na familia moja ya Karatu. Nyumba hakuitaja. Hata hivyo majirani walipiga makofi, wakampongeza bibi kwa kuwashinda watu wakubwa, wakaaga kwenda kukamua. Mjomba akanyoosha mkono azime.

"Acha kwanza," bibi akasema.

Yakaja matangazo: ikaja sabuni, ikaja unga, ukaja mtandao wa simu. Bibi alikaa mbele ya kioo, mikono mapajani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

"Labda nyumba wanaionyesha mwishoni," akasema.

Nikavuta kiti changu karibu na chake.