Maneno Yangu Mdomoni mwa Mwengine

Asubuhi ile niliondoka mjini, mtaani kwetu Mlandege, sina niendako. Nilichukua shuka moja, kanzu ya kubadilisha, na wivu.

Wivu wenyewe niliupata barazani jana yake. Ilikuwa miaka ile ya siasa, kila baraza ya kahawa ina watu wa upande wake. Kwetu walikuwa wakibishana kwa nini mtaro wa mtaa unafurika. Mimi niliacha skuli mapema nikachimba mitaro kwa kibarua, kwa hivyo nilisema si mvua, ni bamvua: bahari ikijaa sana maji hurudi juu mtaroni. Mmoja akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Wakacheka, kahawa ikaendelea kuzunguka.

Kikombe cha pili hakijaisha, rafiki yangu wa utotoni, karani, mjukuu wa mwenye mashamba, akayasema maneno yale yale.

"Naam," wakamwitikia. "Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyesoma."

Wa baraza ya pili, ng'ambo ya njia, waliposikia yametoka kwetu wakaapa kuwa ni mvua tu. Hakuna aliyeinuka kwenda kuutazama mtaro. Hata mimi sikwenda. Nilikuwa nikiitazama saa ya mkononi ya rafiki yangu.

Basi kulipokucha nikapita Chukwani kwa miguu, nikapata gari la abiria wa shamba, na alasiri nikashuka kijijini Kizimkazi. Niliwaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Walikuwa wakishauriana pa kuchimba kisima. Kwa kuwa nimetoka mjini, na nimevaa viatu, wakaniuliza mimi.

Sikujua lolote la pale. Nikaonyesha penye minazi, karibu na pwani.

"Hapo maji ya chumvi," alisema mchimba visima wao, mtu mzima aliyekaa chini, msuli aliojifunga kiunoni umechanika. "Mie nshachimba hapo mara mbili."

"Hebu nyamaza wewe," mzee mmoja akamkata. "Mwache bwana aseme, katoka mjini huyu."

Mchimba visima akanitazama. Niliyajua macho yale. Ningeweza kusema kuwa ajuaye ni yeye. Lakini yule mzee alikuwa ameshamtuma mtu nyumbani kwake nikatandikiwe kitanda, na watu wote walikuwa wakinisubiri mimi.

"Penye minazi," nikasema tena, taratibu, kama asemavyo rafiki yangu.

"Naam," wakaitikia.

Nikapelekwa chumbani. Kitanda kilikuwa cha kamba mpya, na maji ya kunawa yalikuwa tayari mlangoni.