Ngozi ya Ndama na Maziwa Yaliyogoma

Ndama wa ng'ombe wetu wa kahawia alikufa wiki ileile niliyopanda Olenguruone kwa mama, na mtoto wangu mchanga mgongoni. Basi boma likawa na wazazi wawili wenye shida: ng'ombe aliyekataa kuteremsha maziwa, na mimi, ambaye matiti yalijaa hadi yakauma lakini mtoto aliambulia matone tu. Muuguzi alikuwa amesema uzito ukizidi kushuka nimrudishe Nakuru alazwe. Niliogopa, nikawa mkali kwa kila mtu, hata kuku.

Nafundisha baiolojia, na hofu yangu hugeuka maswali. Ndani ya titi mna vifuko vidogo vilivyosongamana kama vitunda vya mboga ya managu. Ubongo hutuma homoni kwa njia ya damu, hilo nalifundisha kila mwaka. Lakini siku zile nilishangazwa zaidi na ujirani wa seli zenyewe. Zimebanana, na kati ya moja na nyingine mna vijia vyembamba mno. Ishara ikiingia kwa moja huvuka kwa jirani hapohapo, bila kuzungukia kwenye damu, mpaka kifuko kizima kinafanya kazi pamoja. Je, za kwangu zilikuwa zimenuniana?

"Kwani unaongea na nani?" mama aliuliza.

"Na matiti."

"Ambia hayo matiti yaharakishe. Kuja unishikie hii."

Ilikuwa ngozi ya yule ndama. Mama alikuwa ameipaka chumvi na kuianika, kama nyanya alivyokuwa akifanya. Niliishika mbele ya ng'ombe nikijiona mjinga, mtoto amelala kifuani ndani ya leso.

Ng'ombe alinusa. Akaanza kulamba, akitoa ile sauti ya chini ya kumwita ndama. Mama alikamua, na mara maziwa yakalia kwenye ndoo.

"Anajua si ndama mwenyewe?" niliuliza.

"Muulize. Si wewe ndio mwalimu?"

Nilimhurumia ng'ombe hadi nikalia, na kilio changu kikamwamsha mtoto. Alipolia tu, nilihisi kama siafu wanatembea ndani ya matiti, kisha blauzi ikalowa.

"Wacha ngozi!" mama alisema. "Wako ndio huyo anaita."

Niliketi palepale kwenye samadi kavu, nikamnyonyesha. Mama aliacha kukamua ili sote tumsikie akimeza.