Sikio la Upande wa Pili

Mwezi jana, katika safari zangu zisizoisha, nilimwona baba mmoja akimpima bintiye ukutani ili ajue kimo chake kitamruhusu kupanda bembea zipi. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka siku moja ya utoto wangu.

Siku ile tulitoka Githongo juu ya lori la ndizi, mimi na dada yangu Kinya, tukashuka sokoni Gakoromone na kutembea hadi kwenye maonyesho ya kilimo. Nilinusa dizeli na mahindi ya kuchoma, kisha nikaliona gurudumu kubwa likiwainua watu angani huku wakipiga mayowe. Nikamvuta Kinya tukalikimbilia.

Mlangoni alisimama mzee mwenye fimbo ya kupimia. Mimi nilijua kipimo kimoja tu, kile mwalimu alichotumia kuwaingiza watoto darasa la kwanza. Nilipitisha mkono juu ya kichwa nikashika sikio la upande wa pili.

“Nimetosha!” nikapaza sauti.

Foleni nzima ilicheka.

“Hapa si shule, kijana,” mzee alisema. “Simama wima.”

Nilipungukiwa na upana wa kidole.

“Na hizi nywele zake?” Kinya aliuliza, akizivuta juu.

“Dada, nywele hazishiki chuma cha kiti.”

Kinya alitosha, lakini hakupanda. Alinibeba mabegani akazunguka kwa kasi mpaka tukaanguka kwenye nyasi, tukicheka.

Siku nilipoondoka nyumbani kabisa, nilikuwa nimempita kwa kichwa kizima. Alinizuia mlangoni.

“Shika sikio nione.”

Nikashika.

“Haya, umetosha. Nenda.”